Ledi wa Mwaka wa Mahindi ya Njano

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano. Si yale waliyokula watoto wetu. Nasema yale ya kwanza, yaliyokuja na meli kutoka Amerika mvua ilipotunyima, tukasonga ugali wa rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia. Wewe uliyeula unajua. Ukiuweka mezani, hata paka anageuza uso. Tulisema ni chakula cha farasi, kisha tukalamba sahani, maana farasi hakuwepo na njaa ilikuwepo.

Mwaka huo ndipo nilipotaka kuwa Ledi.

Pale kwetu milimani Taita, Ledi alikuwa mmoja tu: mke wa mzungu wa misheni. Jina lake jingine hatukulijua wala hatukulihitaji. Ledi alivaa glavu nyeupe juani, akakaa kwenye kiti cha turubai barazani, akasema "Tii!" na chai ikamfuata hapo alipo. Tukitoka shule, miguu mitupu imepauka vumbi, tulipita kando ya ua lake polepole ili tumwone akikaa. Maana hatukumjua mwanamke mwingine anayekaa. Mama zetu walikuwa wameinama au wanatembea. Tukimwona mmoja amelala mchana, tulijua anaumwa.

Basi kalongolongo, mchezo wetu wa baba na mama, ikawa vita. Enzi zetu hakuna aliyenunuliwa mwanasesere. Mwanasesere ni gunzi lenye nywele zake, sufuria ni kopo, unga ni udongo mwekundu. Zamani tuligombania kuwa mama. Alipokuja Ledi, nani tena atake kuwa mama akande tope? Binamu yangu Mghoi, aliyezaliwa na amri kifuani, alinitazama mikono akasema, "Wewe una mikono ya jembe. Kanda." Nikakanda. Siku moja Mghoi akaugua surua, kiti kikawa changu. Nikajivika maganda ya mgomba mikononi yawe glavu, nikakaa juu ya jiwe nikapiga kelele, "Tii!"

Aliyeitikia ni mama yangu, anapita na mzigo wa kuni kichwani. Akanitazama kutoka glavu hadi nyayo. "Mwanamke akikaa, na chakula chake kinakaa. Inuka." Niliinuka hajamaliza kusema. Mama zetu hawakuhesabu mpaka tatu kama hawa wa leo. Mama wa leo anahesabu moja, mbili, mbili na nusu, na mtoto anamsaidia kuhesabu.

Krismasi ya mwaka huo mama akapata unga wa ngano kidogo, sijui wapi. Mnakumbuka chapati ilikuwa nini? Kuzaliwa kwa Yesu tulikujua kwa harufu! Unga ulikuwa haba, mama akaponda malenge ndani yake, akaanza kukanda kwenye karai, bega likipanda na kushuka. Kisha akaishika ile mikono yangu ya jembe akaizamisha humo. "Usiupige. Usikilize. Ukilegea, umekubali. Ukikushika, bado una neno." Watoto wa jirani wakajaa uani kama waliopigiwa kengele, na hakuna aliyefukuzwa. Kila mtu alipata robo ya chapati, na hakuna aliyenawa mdomo siku hiyo. Mafuta tuliyaacha midomoni ili kesho watu waone.

Sasa niko Doha. Binti yangu Mkamburi ni muuguzi hapa, na aliniita nimwone mjukuu wangu Wakesho akiposwa. Kijana ni Mganda, anafanya kazi hotelini, na shangazi yake aliyemlea alikuwa aje Ijumaa, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, kwenye chumba chetu na sebule hapa mtaa wa Najma. Mkamburi akanunua mashine ya kukanda unga, kubwa kama ndama. Akanionyesha sofa.

"Mama, wewe utakaa hapa na kitenge chako kipya. Shangazi wa watu akikukuta na unga hadi viwikoni, atadhani nimekuleta Doha uwe hausigeli wangu."

Nilimwelewa. Mji huu umejaa wanawake kama sisi wanaokanda unga wa nyumba za watu, na mwanangu alitaka jicho la mgeni lisikosee. Lakini Wakesho, mtu mzima anayeposwa, hajawahi kukanda hata tope. Akienda hivyo kwa mumewe, mkono wa mama yangu unaishia kwangu. Nikasema, "Sikai kitini nikitazama unga ukikandwa na mashine. Sikai."

"Siku moja tu, Mama. Uwe ledi."

Wakesho, anayesoma Kiingereza chuoni, akaangua kicheko. "Nyanya, unajua ledi alikuwa nani?" Akanieleza kwamba hapo kale kabisa, Waingereza hawajaijua chai, jina hilo lilikuwa la mwanamke anayekanda mkate wa nyumba, na mumewe, lodi, ni yule anayeulinda mkate. Mkandaji akapata watumishi, jina likawa la mwenye nyumba anayeamuru. Likapanda likawa la mke wa mtukufu. Likashuka likawa la mwanamke yeyote mwenye adabu. "Na leo, Nyanya, limebandikwa mlangoni mwa choo."

Nikashika kiuno. Kumbe neno lenyewe lilianza na unga viwikoni! Likapewa kiti, likavaa glavu, likasahau mikono yake, mwisho wake chooni. Na Mghoi alinikalia jiwe bure. Ledi halali nilikuwa mimi mkanda tope. Ningempigia simu nimseme, lakini Mghoi ametangulia, na kule hakuna mtandao.

Ijumaa, Mkamburi akaniwahi. Nilipokuwa bado nasalimiana na watu kanisani, yeye alishafika nyumbani akaijaza mashine pomoni, unga wa harusi nzima. Nafungua mlango, namkuta ameikumbatia. Inanguruma, inarukaruka juu ya meza, inatema unga. Kifuniko kikaruka, na hapo hapo kengele ikalia. Shangazi wa watu akaingia na kijana wake, akamkuta muuguzi mzima mweupe hadi kwenye nyusi.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nikatandika gazeti sakafuni, nikaweka beseni, nikavua bangili. "Wakesho, njoo hapa. Leta mikono."

Shangazi akabaki amesimama. "Mama, ni wewe unayekanda?"

"Ni mimi, nyanya yake bibi harusi."

Mkamburi alitaka sakafu immeze. Yule mama akaweka mkoba chini, akavua saa. "Mimi nafanya kazi ya nyumba huko Al Wakrah. Kila siku nakanda mkate wa watu. Leo ndiyo mara ya kwanza katika nchi hii kukanda wa kwetu. Sogea, Mama."

Nikasogea. Mkamburi naye akaketi sakafuni na unga wake usoni, akamenya vitunguu, na machozi yake akayasingizia vitunguu hivyo. Wakesho alipiga unga, nikampiga kofi mkononi. "Usikilize!" Akatulia, akakanda, mpaka akaniangalia kwa mshangao: "Nyanya, umelegea."

"Basi umekubali," nikasema, na posa ikazungumzwa vinywa vimejaa.

Siku hizi chapati ni ya Jumanne yoyote, na mkate wa hubusi uko kila kona ya Najma. Wajukuu wanakula macho yakiwa kwenye simu, wanafuta midomo kwa karatasi, na kesho yake hakuna anayekumbuka alikula nini. Sisi tulikula robo, na hadi leo naionja.

Mashine imerudi katoni, lakini Mkamburi hajakata tamaa. Anasema harusini watu watakuwa wengi, fundi ataitengeneza, na mimi nimewekewa kiti cha mbele, chenye maua. Nimemjibu mbele ya mkwe wake: Sikai kitini nikitazama unga ukikandwa na mashine. Sikai.