Chupa Saba kwenye Benchi la Kliniki

Mtanicheka, lakini acheni niseme. Mimi ndiye niliyewahimiza akina mama wa jumuiya yetu pale Mlabani tukapimwe saratani ya shingo ya kizazi. Mama Shija, Msukuma aliyehamia Lumemo, hapo jirani, na ng'ombe wake, akaniuliza, "Wewe mwenyewe umeshapimwa?"

"Zamani! Wala hakuna maumivu."

Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa kuliko wote.

"Twende na nini?" wakauliza. Sikujua. Nikakumbuka nilivyopimwa kichocho, nikawaambia kila mtu abebe mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi.

Siku ilipofika tukaketi kwenye benchi la kliniki, chupa saba mapajani, yangu kubwa kuliko zote. Nesi akatoka, msichana mdogo tu.

"Shikamooni, mama zangu. Mbona mna chupa? Kipimo hiki mtu analala kitandani, namwangalia huko ndani. Nani kawaambia mlete mkojo?"

Wote wakanigeukia.

Mama Shija akaichukua chupa yangu taratibu, akaiweka chini.

"Kumbe hujawahi kupimwa, na wewe unaogopa, dada," akasema. "Haya, inuka. Nitakushika mkono."