Mwenye Leseni Hapatikani

Radi ilipiga kwetu Kimuli mchana, chaja ikiwa bado ukutani, na kompyuta ya marehemu mume wangu ikazima. Sikuililia kompyuta. Nililia video iliyokuwamo: mume wangu yuko kitandani hospitalini, amempakata binti yetu mchanga, anazungumza naye. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Sasa mtoto amekua, ananiuliza baba alikuwa anaongeaje, nami nababaika.

Fundi mmoja wa mjini Kayanga akabadili madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Mashine ikawaka, nikapiga kigelegele mle dukani. Hakikufika mbali. Kwenye kioo yakaja maandishi kwamba leseni haiitambui mashine hii, na mafaili yamefungwa mpaka mwenye akaunti athibitishe.

"Dada, ukibadili madabodi, kwa leseni hii ni kompyuta nyingine," fundi alisema. "Inamtaka mwenyewe aingie kwenye akaunti yake."

"Mwenyewe tumemzika."

Alinipa pole, kisha akasema anaweza kunipigia windo upya, yaani kuiwekea mfumo mpya, iwe safi kabisa. Nikamuuliza video itakuwa wapi. Akasema itafutika. Nilimfokea maskini wa watu mpaka wateja wakageuka, halafu nikamwomba radhi hapo hapo, maana sikuwa na fundi mwingine.

Njia iliyobaki ilikuwa namba za uthibitisho zitumwe kwenye laini ya mume wangu. Laini yenyewe ilikaa bila kutumika hadi ikafungwa. Sikuwahi kuipigia tangu msiba, sikuwa na moyo huo. Siku ile, mle mle dukani, nikaipiga, ikaita. Kumbe imeshapewa mtu mwingine. Ikapokea sauti ya kiume.

"Samahani kaka. Namba hii ilikuwa ya mume wangu, amefariki. Kuna namba zitaingia kwako kwa meseji, naomba unisomee."

"Nyie matapeli hamchoki?" Akakata.

Ningemlaumu vipi? Sote tunaonywa tusimsomee mtu namba hizo. Nikapiga tena, akakata. Nikapiga tena nikilia kwa sauti, bila aibu, nikamwaga kila kitu: kwamba mume wangu alikuwa mwalimu, kwao ni Mabira, mama yake bado yuko kule.

"Mama yake?" Ukali ulikuwa umemtoka. "Ni bibi mmoja hivi, anaongea kilugha?"

"Ndiyo."

"Ananipigia kila Jumapili. Mimi niko Tunduru, simwelewi. Nilimwambia amekosea namba, wala hakujali. Ananiita mwana wange. Anaongea, anacheka, anaaga. Siku hizi naitikia tu."

Nilikaa chini, sakafuni. Mama mkwe wangu hakudondosha chozi hata siku ya mazishi, na sisi wakwe tulimsengenya kwamba ana roho ngumu. Niliona haya.

Fundi akaomba namba zitumwe, yule kaka akanisomea polepole, akazirudia. Fundi akaziingiza. Leseni ikakubali, mafaili yakafunguka, fundi akaibonyeza video, na kabla sijainuka ikaanza kucheza. Sauti ya mume wangu ikajaa duka zima, inamwita mtoto kwa Kinyambo, lugha ya kwao, inamtania kwamba ana pua ya bibi yake. Nilisahau kwamba simu ilikuwa bado hewani.

"Ndiye huyo?" yule kaka aliuliza.

"Ndiye."

"Basi dada, mpelekee mama yake hiyo video kabla ya Jumapili. Mimi nimechoka kumdanganya."