Ndege Isiyojua Kumsitiri Mama Vibao

Kazi yake ilikuwa kuegesha ndege. Alisimama mbele ya pua ya ndege na vibao viwili vyekundu mikononi, akiielekeza njoo, njoo, kushoto kidogo, kisha akavikutanisha vibao juu ya kichwa, na ndege ikasimama, gurudumu la mbele juu ya mstari wa manjano. Haikukosa hata siku moja. Marubani walimwita Mama Vibao, na walipomsifu hakukataa. Chanda chema huvikwa pete.

Sasa ilikuwa inakuja ndege ya mizigo isiyo na rubani. Mkuu wa uwanja hakumung'unya maneno: ikimtii Mama Vibao kwenye jaribio, atabaki na kazi yake, isipomtii, zitachorwa alama chini za kuiongoza, na yeye atahamia ghalani kupanga mizigo. Ghala alilichukia. Huoni anga humo.

"Sasa utampungia nani?" mumewe alimtania wakinywa chai. "Kiti kitupu?"

"Huna hamu ya kujua inaonea wapi?"

"Mimi nataka kujua ikikosea anatukanwa nani."

Asubuhi ya jaribio aliizunguka ndege kama mnunuzi wa ng'ombe. Pale ambapo pangekuwa na madirisha ya rubani palikuwa na bati tupu, na chini yake vioo vidogo vyeusi, kila kimoja kama kifungo cha koti. Akavichungulia, akavipungia mkono, akaona haya, akacheka peke yake. Kapteni, aliyerusha ndege kubwa miaka mingi na sasa anazifundisha hizi zisizo na mtu, alikuwa nyuma yake.

"Inakuona, dada."

"Kuniona sawa. Inanielewa?"

"Hilo hata mimi nataka kulijua. Hebu tuijaribu kabla Mkuu hajafika."

Ndege ikapelekwa mbali, ikaanza kuja yenyewe. Njoo, ikaja. Kushoto, ikafuata. Mama Vibao alifurahi mpaka akasahau kwamba ana hofu. Akakutanisha vibao. Ndege ikasimama papo hapo, na mstari ungali mbele yake kwa urefu wa mtu aliyelala.

"Imeharibika," akamwambia Kapteni.

Kapteni akakohoa. "Haijaharibika. Imesimama ulipoiambia isimame. Wewe unafunga vibao mapema, dada. Tangu zamani."

"Mbona ninyi mlikuwa mnafika mstarini?"

"Tulikuwa tunajua. Rubani mgeni akija tunamwambia: kwa Mama Vibao, akishafunga, jongea kidogo."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka! Na hapo hapo akawapenda watu wale kuliko alivyowahi kuwapenda, waliomsitiri bila kudai hata asante. Hakujua lipi kati ya hayo mawili lilimuuma zaidi.

"Usijali," Kapteni alisema kwa upole. "Nitaifundisha na hii. Ikikuona umefunga, ijongee kidogo. Mkuu hana haja ya kujua."

Neno lilikuwa tamu, na ghala lilikuwa pale ng'ambo, mlango wazi. Mama Vibao alivitazama vile vioo vyeusi kitambo.

"Usiifundishe kitu," akasema. "Irudishe nyuma."

Mkuu alipofika, ndege ilikuwa inakuja tena. Mikono ilitaka kufunga, akaikatalia. Ikataka tena, akaikatalia, pua ya ndege ikizidi kumjaa usoni hadi akadhani itampitia. Gurudumu lilipogusa manjano ndipo alipofunga. Ndege ikatulia juu ya mstari, na Mkuu akapiga makofi.

Mama Vibao hakugeuka kumtazama. Alishusha vibao, akamsogelea Kapteni.

"Haya, nimepita. Sasa niambie ukweli, ndugu yangu. Kuna lipi jingine mnalonisitiri?"

Kapteni akainama, akatazama viatu vyake.