Pombe ya Wakwe Iliyokataa Kuchachuka

Mimi ndiye mlinzi wa pampu inayodondosha dawa ya kuua vijidudu katika maji ya mji hapa Thika, dawa ambayo harufu yake hainitoki hata nikioga. Wiki jana mama alikuwa anatengeneza pombe ya muratina, maana wakwe wangu walikuwa wanakuja kutoka Ruiru. Nikaona wakwe wa mtu kama mimi hawawezi kunywa maji hivi hivi. Nikaifungua pampu kidogo, dawa izidi. Halafu kidogo tena.

Mama akateka maji ya mfereji, akatia asali na tunda la muratina, akaweka kibuyu karibu na moto. Wageni wakafika, kibuyu kimya, hata povu hakuna. Kwetu pombe ikikataa hivyo, wazee husema kuna mtu nyumbani ana kinyongo.

Nikasimama mbele ya wakwe, nikamnyooshea kidole ndugu yangu Kamau.

“Tubu, usituaibishe.”

Maskini Kamau akakubali kwamba anaonea wivu viatu vyangu vya kazi.

Mama akainama. Alinusa kibuyu, akaja polepole akanusa kola yangu.

“Kamau muacheni,” akawaambia wakwe. “Hii pombe inanuka shati ya huyu.”