Nepi Ndani ya Kipaza Sauti cha Serikali

Msinicheke kwanza. Mngekuwa na mtoto asiyelala, nanyi mngefanya vilevile.

Serikali iliipa redio ya umma pesa za vipaza sauti vipya vya kuwaonya watu mto ukifurika. Cha mtaa wetu wa Ruiru wakakitundika juu ya dirisha langu! Kamau, mume wangu, ndiye fundi, na kila alipokijaribu kwa king'ora, mtoto ndiyo kwanza alikuwa amefumba macho.

"Vumilia, Mama Nyambura. Ni kazi," aliniambia.

Nivumilie nini? Nikapanda kiti, nikakisokomezea nepi, safi jamani, nikaenda mtoni kufua. Nikasahau.

Alasiri mkaguzi Mzungu akafika. Kipaza sauti kisipolia, pesa zitakatwa na Kamau atafutwa kazi. Watu wakakusanyika. Kamau akabonyeza, king'ora kikaguna kama ng'ombe aliyefungwa mdomo. Jasho likamtoka mume wangu. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile nepi.

Kabla sijasema neno, mkaguzi akaingiza fimbo yake ndani ya kipaza sauti, akaivuta nepi nje. King'ora kikalia mpaka kuku wa sokoni wakaruka!

"Kinafanya kazi!" Kamau akapiga kelele. Ngai, Mungu wangu, nilishusha pumzi hadi machozi yakanitoka.

Lakini mkaguzi alikuwa ameinua ile nepi, anasoma jina nililolitarizi kwa uzi mwekundu.

"Nyambura nani?"

Binti yangu ana jina la mama mkwe, kama desturi yetu. Naye mama mkwe alikuwa mbele ya wote.

"Nyambura ni mimi," akasema, akinigeukia polepole. "Lakini nepi niliacha zamani. Muulize huyu."