Sakafu Inayoshika Chaki

Nyumba yako umeijenga kwa ajili ya nani: wewe unayelala humo, au mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka kunywa soda na kusifia dari?

Usijibu haraka. Mimi swali hili lilinikaba wakati tunamjengea Mama, na mpaka leo nikiingia kwenye sebule inayong'aa kama duka la vioo, ambamo mwenye nyumba mwenyewe anatembea kwa kunyata, damu inanichemka.

Mama ni fundi cherehani. Ametulea mimi na Dada kwa kushona sare za shule za watoto wa watu, katika vyumba viwili vya kupanga vyenye sakafu ya saruji nyekundu. Baba alifariki mimi sijaota meno, kwa hiyo sakafu ile naikumbuka kuliko sura yake. Ilikuwa nyekundu ya kuiva, imesuguliwa kwa nta, baridi kama ubavu wa mtungi. Mchana wa jua kali tulijilaza juu yake vifua wazi, shavu chini, tukisikia mtetemo wa cherehani mpaka kwenye mifupa.

Mama alikuwa na namna yake ya kupima. Hakuiamini futi. "Futi inapima urefu," alikuwa akisema, "haimpimi mtoto." Mtoto akiletwa kushonewa, analazwa chali sakafuni, mikono kaitanua kidogo, na Mama anamzunguka na chaki kuanzia begani mpaka kwenye kisigino. Akiinuka, umbo lake linabaki pale chini. Mama anatandika kitambaa pembeni yake na kukata kwa jicho, akiachia upana wa vidole kwa ajili ya kukua.

Shule zikikaribia kufunguliwa, sakafu nzima ilijaa watoto wa chaki. Siku moja mwenye nyumba aliingia bila hodi, akapiga ukelele. "Jamani! Humu kumetokea nini?"

Mama hakuinua hata kichwa. "Mruke huyo wa mlangoni, baba. Wa darasa la kwanza huyo."

Dada alikua akawa muuguzi, akaapa kwamba Mama hatapiga magoti tena. Kiwanja kikapatikana, kuta zikapanda, paa likafunika. Nami, niliyetoka chuoni na maneno mengi kuliko misumari, nikawa msimamizi. Kazi ilipofika kwenye sakafu, tukampeleka Mama duka la vifaa vya ujenzi akachague vigae.

Kusema kweli Dada alikuwa ameshachagua: vyeupe, vya kung'aa. "Angalia, Mama, unajiona mpaka nyusi!"

"Nyusi zangu nazijua." Mama akachuchumaa, akafungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akatoa kipande cha chaki na kupiga mstari katikati ya kigae. Chaki iliteleza. Ilibaki alama hafifu kama njia ya konokono.

Muuzaji akaja mbio. "Mama, unachafua mali!"

"Sijakichafua, mwanangu. Ndiyo shida yake. Hakishiki."

"Mama, twende," Dada akanong'ona, aibu imemjaa usoni. "Tunakujengea upumzike. Cherehani sasa basi."

"Nipumzike kufanya nini?"

Mama akainuka. Akajipangusa mikono, akasema, "Haya, mnavyoona nyinyi."

Wenye mama mnalijua neno hilo. Mama akisema mnavyoona nyinyi, ujue mlango umefungwa na ufunguo kaumeza.

Vigae havikununuliwa, na wala hakuna aliyesema visinunuliwe. Nyumba ikakaa hivyo, ina madirisha, haina chini. Fundi wa sakafu, tuliyempa jina la Keshokutwa kwa sababu ya ahadi zake, safari hii ndiye aliyetusubiri sisi. Kila nikienda namkuta kakalia ndoo iliyopinduliwa. "Vipi, bosi? Hivyo vigae vinakuja au vinasubiri kuzaliwa?"

Nikamwendea Dada na hotuba nzima. Nikamwambia anajenga jumba la maonyesho na Mama ndiye sanamu lake. Nikamwambia kumnyang'anya mtu kazi yake na kuiita heshima ni dhuluma iliyopakwa manukato.

"Umemaliza?" Dada akauliza. "Wewe unaongea. Mimi goti lake ndilo ninalolichua kila jioni."

Nikanywea. Alikuwa anampenda, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Jumapili moja tulikwenda kumsaidia Mama kuanza kufungasha, tukamkuta na binti wa jirani. Mkasi mkubwa ulikuwa umeviringishwa kwenye kitambaa, cherehani imefungwa kamba, na binti ameshaishika upande mmoja.

"Inakwenda wapi?" Dada akauliza.

"Kwa mwenye pa kuiweka," Mama akasema, bila hasira yoyote. "Si mmesema nipumzike? Na kule hakuna pa kumlaza mtoto."

 Dada alikuwa anaitazama sakafu mbele ya cherehani, pale palipopauka na kubonyea kidogo, pawili sawasawa. Palikuwa mahali pa magoti ya Mama. Nilikuwa nimepita hapo maisha yangu yote.

"Mdogo wangu," hatimaye akamwambia binti, "iache hapo." Kisha akanigeukia. "Mwambie Keshokutwa vigae aweke vyumba vingine; chumba cha mbele akipige sakafu nyekundu."

"Hicho si chumba cha wageni?" Mama akadakia. "Wageni watalala wapi?"

"Watalala kwao."

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Keshokutwa alilalamika kwamba watu watadhani kaishiwa ufundi, lakini aliipiga kwa mkupuo mmoja, kwa sababu sakafu ya namna ile haina kituo: ukiinuka kwenda kunywa chai, mstari unabaki milele. Tukakatazwa kuikanyaga. Jioni Mama alikuja kusimama kizingitini, viatu mkononi, akivuta harufu ya saruji mbichi kama mtu anayengoja kuitwa jina. Ilipokauka, akaipaka nta, na tukahamia. Usiku wa kwanza sote watatu tulilala katika nyumba mpya, kila mtu chumbani kwake, katikati ya maboksi.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na sauti kutoka chumba cha mbele. Nikachungulia. Dada alikuwa chali sakafuni na sare yake ya kazini, mikono kaitanua kidogo, na Mama, goti juu ya mto ambao Dada aliutoa kitandani mwake, alikuwa anamzunguka na chaki, amefika begani.

"Usijivute tumbo," Mama akamfokea. "Umenenepa, umenenepa tu."

"Mama, nitachelewa kazini!"

"Tulia, mwanangu. Inashika."