Iko Mutu Mlangoni

Siku niliyofika Kasongo kutoka Kabambare, vumbi la njia likiwa limenijaa mpaka kwenye kope, nilibisha hodi kwa mama mmoja mwenye duka la vitenge. Dada yake alichungulia, akapaza sauti kuelekea uani: "Iko mutu!"

"Mutu gani? Hana kwao? Angoje!" mama akajibu kutoka huko.

Nikangoja sana, mpaka dada alipokumbuka kuongeza kwamba nimetoka Kabambare, nimetumwa na kaka yao kutazama kompyuta. Hapo ndipo nikaletewa chai.

Shule niliiacha mapema, ila sijawahi kuipita kompyuta bila kuichungulia tumboni. Mama huyo alipokea pia mizigo ya watu, na kompyuta yake ilikuwa na programu ya mizigo: mteja wa mji wa Wamaza anauliza kwa intaneti ya simu yake kama mzigo umefika, asije akapanda pikipiki bure. Programu ilikaa ndani ya kompyuta, ikisikiliza kwenye mlango wake wa mtandao, "port" namba 8000. Mbele yake nikaweka seva ya kupokea maombi ya watu, kuyapeleka ndani na kuwarudishia majibu.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Kufika adhuhuri, kila mtu alikuwa anajibiwa: "Umeuliza sana, ngoja."

Fundi cherehani mmoja wa Wamaza, aliyekuwa anasubiri kipande cha mashine yake, akapiga simu. "Mama, nimeuliza mara moja tu! Ao nije mwenyewe?"

Mama akanigeukia. "Huyu akikuja bure, hiyo kompyuta utaibeba kwa kichwa mpaka Kabambare."

Nikafungua kumbukumbu za programu. Kila swali lilionekana kutoka 127.0.0.1, yaani ndani ya kompyuta ile ile. Wateja wote walikuwa wamegeuka mtu mmoja msumbufu, na programu ina sheria ya kumnyamazisha msumbufu. Nikacheka. Seva yangu ilikuwa inaingia ndani na kusema "iko mutu", basi.

Nikaongeza mstari wa kupeleka pia anwani ya anayebisha, na mwingine wa kuiambia programu imwamini mpokeaji wa mbele. Nikaiwasha upya. Haikupita muda, simu ikalia: yule fundi cherehani.

"Mama, kimefika! Namutuma mutu wa pikipiki akichukue."

"Umeifanya nini?" mama akaniuliza.

"Nimeifundisha kusema mutu ni wa wapi."

Dada yake akaguna. Mama akacheka mpaka akakalia vitenge. "Na wewe je, wakituuliza, tuseme wa wapi?"

"Museme wa hapa," nikajibu, "mpaka chai iishe."